Arsaces Yupi? Uchambuzi wa Majina Kwenye Sarafu za Wafalme wa Waparthi

Drakma moja ya fedha, yenye sura ile ile na maandishi yale yale, inatajwa leo kwa majina mawili. Katika toleo la mwaka 1980 la kitabu cha David Sellwood, ambacho karibu kila anayeshughulika na sarafu za Waparthi hukitumia, aina ya 33 ni ya mfalme Gotarzes I. Katika orodha nyingi za minada ya miaka ya karibuni, aina hiyo hiyo imepewa Sinatruces. Aina ya 35, ambayo Sellwood aliiandikia jina la Darius na alama ya kuuliza, siku hizi mara nyingi huandikwa kuwa ya Phraates III. Hata mfalme wa mwisho wa dola hiyo ana namba mbili: vitabu vya zamani humwita Artabanus V, vipya humwita Artabanus IV.

Anayekutana na hali hii kwa mara ya kwanza huona moja kati ya mambo mawili. Ama wataalamu wanabahatisha, ama kitabu kipya zaidi ndicho chenye haki na vya zamani vitupwe. Yote mawili yanapotosha. Mkanganyiko huu haukuzaliwa na uzembe wa wanahistoria. Mbegu yake ilipandwa na wafalme wenyewe, kwa uamuzi wa kisiasa uliowafaa kwa zaidi ya karne nne. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni jina gani lililo sahihi, yafaa tujue kila jina limesimama juu ya ushahidi wa namna gani, na ushahidi huo unaweza kubeba uzito kiasi gani.

## Usuli: dola iliyosimuliwa na wengine

Waparthi wanatajwa katika sura ya 2 ya Matendo ya Mitume, miongoni mwa watu waliokuwapo Yerusalemu siku ya Pentekoste. Wakati huo dola yao ilikuwa na karne mbili na zaidi. Mwanzilishi wake, Arsaces I, aliongoza Waparni, wafugaji wa kuhamahama kutoka mashariki ya Bahari ya Kaspi, wakaitwaa Parthia, nchi iliyopo leo kaskazini mashariki mwa Irani na kusini mwa Turkmenistani. Kalenda yao ilianza kuhesabiwa mwaka 247 KK. Mithradates I aliitwaa Media, na mwaka 141 KK akaingia Babeli na Seleucia, mji mkubwa wa Kigiriki kando ya mto Tigris. Mwaka 53 KK, huko Carrhae, jeshi la Orodes II lililiangamiza jeshi la Crassus wa Roma. Dola ilianguka mwaka 224 BK, Ardashir I alipomshinda na kumuua Artabanus wa mwisho.

Historia hii yote tunaisoma zaidi kwa kalamu za watu wengine: Strabo, Tacitus, Josephus, na Justin aliyefupisha kazi ya Pompeius Trogus. Wengi wao walitazama kutoka upande wa Roma, na waliandika juu ya Waparthi pale tu mambo ya Roma yalipoguswa. Sarafu ndizo ushahidi pekee unaotoka mikononi mwa dola yenyewe karibu bila kukatika, tangu Arsaces wa kwanza hadi wa mwisho. Tukikosea mwenye sarafu, tunakosea mfuatano wa wafalme, vita vyao na mipaka yao.

Sarafu zenyewe zilikuwa za makundi matatu. Drakma, yenye fedha ya gramu 4 hivi, ilitoka hasa katika karakana za nyanda za juu za Irani na za mashariki: Ecbatana, ambayo leo ni Hamadan, Rhagae, karibu na Tehran, Mithradatkart, yaani Nisa, na Margiana, eneo la Merv. Tetradrakma, yenye thamani ya drakma nne, ilitoka hasa Seleucia na kuzunguka Mesopotamia. Ilianza na uzito wa gramu 16 hivi, kisha ikapungua uzito na kuchanganywa shaba zaidi na zaidi, hadi ile ya karne ya 2 BK ikawa na fedha kidogo sana. Kundi la tatu ni vipande vya shaba vya matumizi ya sokoni.

Tuitazame drakma ya kawaida ya karne ya 1 KK kwa karibu. Upana wake ni milimita 20 hivi. Upande wa mbele kuna uso wa mfalme unaotazama kushoto, wenye ndevu, kichwani akiwa na utepe wa kifalme au kofia ndefu iliyotiwa lulu. Nyuma ameketi mtu asiye na ndevu, amevaa suruali na kofia laini ya watu wa nyika, amenyoosha mkono wenye upinde. Kumzunguka, kwa mistari iliyopangwa mraba, kuna maneno ya Kigiriki yanayosema kwamba sarafu ni ya mfalme wa wafalme, Arsaces, mfadhili, mwenye haki, aliyedhihirika, mpenda Wagiriki. Pembeni kuna herufi moja au kadhaa zilizosukwa pamoja, ambazo ni alama ya karakana. Hakuna jina la mfalme binafsi, wala hakuna mwaka. Baba, mwana, ami na mpinzani wao, wote ni Arsaces.

## Kwa nini wote waliitwa Arsaces

Strabo aliliona jambo hili akalieleza: Waparthi huwaita wafalme wao wote Arsaces, ingawa kila mmoja ana jina lake. Justin naye anasema warithi walilitwaa jina la mwanzilishi kwa kumheshimu. Heshima ilikuwapo, lakini sababu zilikuwa nyingi zaidi.

Ya kwanza ni uhalali. Ukoo huu ulitoka nje ya Parthia na ukatawala miji ya Wagiriki, mahekalu ya Babeli na wakuu wa Irani, watu wasiokuwa na deni lolote kwake. Kila mfalme alipojiita Arsaces alikuwa akidai kwamba utawala ni wa ukoo, na kwamba kifo cha mtu mmoja hakiufungui mlango kwa mgeni.

Ya pili ni namna ya kurithi. Mfalme alitoka katika ukoo wa Arsaces, lakini haikuwa lazima awe mtoto wa kwanza. Wakuu wa koo kubwa walikuwa na sauti, na ndugu, ami na binamu wote waliweza kudai kiti. Katika mazingira hayo, jina la mwanzilishi ndilo lililokuwa hoja yenye nguvu kuliko zote, na hakuna mdai aliyekubali kuliacha kwa mwenzake.

Ya tatu ni soko. Sarafu hupokewa kwa mazoea ya macho. Mfanyabiashara wa Rhagae aliyezoea kumwona mpiga upinde upande wa nyuma hakuwa na sababu ya kuitilia shaka sarafu mpya yenye mpiga upinde yule yule. Hata Kigiriki kina maelezo ya namna hiyo. Tetradrakma za Mithradates I za Seleucia, zenye miaka 173 na 174 ya kalenda ya Waseleuko, watawala waliowatangulia Waparthi huko, yaani baina ya 140 na 138 KK, zinamwita mpenda Wagiriki na kuweka nyuma Heracles aliyesimama. Mshindi alikuwa akiuhakikishia mji wa Kigiriki kwamba mambo yake hayatavurugwa.

Faida hizo zilikuwa na gharama, na gharama ilionekana kila ukoo ulipogawanyika. Wadai wawili wakifua sarafu zenye jina moja na picha moja, watu watawatofautishaje? Ndipo lakabu zikaongezeka: mwana wa baba mtukufu, mshindi, mpenda baba. Mwaka 26 KK zilitoka Seleucia tetradrakma zenye lakabu ya mpenda Warumi. Kwa kawaida zinahusishwa na Tiridates, aliyepigania kiti dhidi ya Phraates IV. Vonones, aliyelelewa Roma na kuletwa atawale mwanzoni mwa karne ya 1 BK, alivunja desturi kabisa: drakma zake zinataja jina lake mwenyewe, zinatangaza kwamba amemshinda Artabanus, na mahali pa mpiga upinde pana mungu wa kike wa ushindi. Kabla yake kidogo, Phraataces alimweka mama yake Musa kwenye sarafu, kwa jina na kwa sura.

Mifano hii inaonyesha mwelekeo mmoja. Jina la mtu lilijitokeza pale jina la ukoo liliposhindwa kumaliza ubishi. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 1 BK, tetradrakma zilianza kuandika Arsaces pamoja na Pacorus au Vologases, na katika karne ya 2 majina ya wafalme yakaonekana kwenye drakma kwa herufi za Kiparthi, wakati Kigiriki kikiwa kimebaki michoro isiyosomeka. Giza kubwa zaidi liko kabla ya hapo, hasa baina ya mwaka 91 na 57 KK, kuanzia kifo cha Mithradates II hadi kuuawa kwa Phraates III. Huko ndiko mabishano ya leo yalikojaa.

## Msimamo wa kwanza: sarafu ijieleze

Njia kongwe ni kuisoma sarafu yenyewe. Warwick Wroth aliifuata alipoorodhesha mkusanyo wa British Museum mwaka 1903, na Sellwood akaikamilisha kwa kuzigawa sarafu zote katika aina zenye namba, kutoka 1 hadi 91. Hoja ni kwamba sura, mavazi, urefu wa ndevu, mpangilio wa maandishi na alama za karakana hubadilika kwa hatua, na hatua hizo zinaweza kupangwa.

Nguvu ya njia hii iko katika ufundi wa kufua. Kila sarafu iligongwa baina ya chapa mbili za madini. Chapa ilipopata ufa, ufa ule ule ukaonekana kwenye kila sarafu iliyofuata. Chapa ya mbele ilipotumika na chapa mbili tofauti za nyuma, sarafu hizo zikafungwa pamoja kama kazi ya karakana moja kwa kipindi kimoja. Kugonga chapa mpya juu ya sarafu ya zamani kunatoa mfuatano usiopingika: Mithradates II aliitia sura yake juu ya sarafu za shaba za Hyspaosines, mtawala wa Characene, kwa hiyo tunajua nani alitangulia. Sarafu zilizofukiwa pamoja nazo husaidia. Zile zilizopatikana eneo la Bojnurd, kaskazini mashariki mwa Irani, na kuchapishwa na Abgarians na Sellwood mwaka 1971, ndizo zilizoweka msingi wa mpangilio wa sarafu za wafalme wa mwanzo kabisa.

Udhaifu wake unajitokeza tunapotoka kwenye mfuatano na kuingia kwenye majina. Sarafu inaweza kutuambia kwamba aina fulani ilifuata nyingine, lakini haiwezi peke yake kusema mwenye sura hiyo aliitwa Gotarzes. Kufanana kwa nyuso nako ni hoja ya kuteleza. Kwa mfano, uvimbe mdogo kwenye paji la uso unaonekana kwa Orodes II na baadhi ya waliomfuata. Wengine wameuchukua kuwa ugonjwa wa kurithi, lakini mchonga chapa angeweza vilevile kuuweka kama alama ya ukoo. Isitoshe, sarafu nyingi zimeingia sokoni bila rekodi ya mahali zilipochimbwa. Fungu lililofukiwa likishatawanywa na wauzaji, ushahidi wa sarafu zipi zilikaa pamoja umepotea, hata kama kila kipande kimenunuliwa na kutunzwa vizuri.

## Msimamo wa pili: vibao vya Babeli viamue

Njia ya pili inatafuta majina nje ya sarafu. Wanajimu wa Babeli waliendelea kuandika mienendo ya nyota, bei za nafaka na matukio ya utawala kwenye vibao vya udongo, kwa maandishi ya kabari, miaka mingi baada ya Waparthi kuingia. Vibao hivyo vina tarehe kwa kalenda mbili, ya Arsaces na ya Waseleuko, zilizopishana miaka 64. Kwa kawaida navyo humwita mfalme Arsaces tu, lakini wakati wa ugomvi mwandishi aliongeza jina: Arsaces aitwaye Gotarzes, Arsaces aitwaye Orodes. Gholamreza Assar, katika makala alizochapisha hasa kuanzia mwaka 2004, alivitumia kurekebisha mfuatano wote wa karne ya 2 na ya 1 KK. Majina mengi mapya unayoyaona katika orodha za minada yametokana na kazi yake.

Nguvu yake ni wazi. Kibao kiliandikwa wakati ule ule, na mtu asiyekuwa na sababu ya kumpamba mfalme, na tarehe yake inaweza kuhakikiwa kwa mahesabu ya mwezi na sayari. Mbele ya ushahidi kama huo, dhana nyingi za zamani kuhusu nani alitawala lini hazisimami tena.

Lakini kibao hakina picha ya sarafu. Kinasema nani alitambuliwa Babeli mwaka fulani. Hakisemi nani alifua drakma Rhagae au Margiana mwaka huo huo. Katika kipindi ambacho dola iligawanyika baina ya wadai, Babeli ingeweza kuwa chini ya mmoja na nyanda za juu chini ya mwingine. Daraja kati ya jina la kibao na uso wa sarafu bado hujengwa kwa mtindo, karakana na mafungu yaliyofukiwa, yaani kwa zana za msimamo wa kwanza. Mfano ni Sinatruces. Kitabu kinachohesabiwa kuwa cha Lucian kinasimulia kwamba alirudishwa na watu wa nyika akiwa na umri wa miaka 80, akatawala miaka saba. Masimulizi hayo yanatupa mfalme na yanatupa miaka yake; hayatupi aina ya 33. Aliyeiweka hapo ni mchambuzi, kwa hoja zinazoweza kupimwa na kupingwa.

## Msimamo wa tatu: namba kwanza, jina baadaye

Wapo wanaoona kwamba tuache kugawa majina pale ushahidi usipotosha. Sarafu iitwe kwa namba ya aina yake, karakana yake na kipindi chake cha kukadiria, na jina libaki wazi. Mwelekeo huu unalingana na kazi ya Sylloge Nummorum Parthicorum, mradi unaounganisha makusanyo makubwa ya London, Paris, Vienna, Berlin, New York na Tehran. Juzuu ya kwanza kutoka, ile ya 7 iliyoandikwa na Fabrizio Sinisi, ilichapishwa mwaka 2012. Kazi ya namna hiyo huanza na kukusanya vipande, kuvipima na kulinganisha chapa zake, ndipo majina yajadiliwe.

Faida yake ni kwamba kosa moja haliambukizi mengine. Aina ya 33 itabaki aina ya 33 hata maoni kuhusu mwenyewe yakibadilika mara tatu, na mwanafunzi wa Nairobi ataweza kuzungumza na wa Tehran bila kuchanganya vitu. Hasara yake ni kwamba historia haiandikwi kwa namba. Phraates III alikabiliana na majemadari wa Roma, Lucullus kisha Pompey, na suala la Armenia. Tukikataa kumhusisha na sarafu yoyote, tunaukata mkono unaounganisha uchumi wa dola yake na siasa zake. Tahadhari ikipita kiasi huwa njia nyingine ya kukwepa swali.

## Kupima misimamo

Misimamo hii haishindani kwa kila sarafu. Kila mmoja una uwanja wake, na mkanganyiko unakuja pale uhakika wa uwanja mmoja unapohamishiwa kwenye mwingine.

Uwanja wa kwanza ni sarafu zenye tarehe au majina: tetradrakma za Seleucia, ambazo tangu enzi ya Phraates IV huonyesha mara nyingi mwaka na hata mwezi, pamoja na sarafu za Vonones, za Phraataces na Musa, na za akina Pacorus na Vologases wa baadaye. Hapa jina lina msingi imara, na vitabu vinavyotofautiana mara nyingi vinatofautiana kwa namba ya mfalme tu. Namba hizo ni za wanahistoria wa sasa. Ukiamini kwamba mfalme wa pili wa ukoo aliitwa Artabanus, kila Artabanus anayefuata anasogea hatua moja. Ukimwita Arsaces II, wote wanarudi nyuma. Mfalme wa mwisho ni yule yule, awe wa IV au wa V.

Uwanja wa pili ni drakma zinazofungamana na sarafu hizo kwa sura, karakana au mafungu yaliyofukiwa. Hapa njia ya Sellwood bado inafanya kazi vizuri, na sehemu kubwa ya mpangilio wake haijatikiswa.

Uwanja wa tatu ni drakma za miaka 91 hadi 57 KK. Hapa, tarehe ya kibao ikigongana na hisia kuhusu uso wa mfalme, kibao kipewe nafasi ya mbele, kwa sababu kina mwaka na kina jina. Lakini kibao kinaamua orodha ya wafalme. Hakiamui moja kwa moja nani mwenye sarafu. Kwa hiyo majina ya Assar yanastahili kutangulia pale yanapopatana na karakana na mafungu, na yabebe alama ya kuuliza pale daraja linapokuwa mtindo peke yake. Sellwood mwenyewe alikubali kuweka alama hiyo kwa Darius, na uaminifu huo ni wa kuigwa.

Kutokana na hayo, lebo ya makumbusho au ya mnada ina wajibu wa kutaja mambo matatu: namba ya aina, jina linalopendekezwa, na sababu ya jina hilo kwa maneno machache. Lebo yenye jina tupu humnyima msomaji nafasi ya kupima. Na rekodi ya mahali sarafu ilipochimbwa ithaminiwe kuliko mng'aro wake, kwani maswali ya uwanja wa tatu yatajibiwa zaidi na mafungu yaliyochimbwa kitaalamu kuliko na mabishano kuhusu pua na ndevu.

## Muhtasari

Wafalme wa Waparthi waliandika Arsaces kwenye sarafu zao ili utawala uonekane wa ukoo, ili mdai asiachiwe jina la mwanzilishi, na ili soko lisishtuke kila kiti kilipobadilika. Uamuzi huo uliwapa mwendelezo wa zaidi ya miaka 400, na ukatuachia sarafu ambazo nyingi hazisemi ni za nani.

Njia ya mtindo na chapa inapanga mfuatano vizuri lakini haitoi majina. Vibao vya Babeli vinatoa majina na tarehe lakini havionyeshi sarafu. Njia ya namba inazuia makosa kuenea lakini haikamilishi historia. Inayofaa zaidi ni kuanza na namba, kupanga kwa chapa na mafungu, kutaja majina kwa kufuata vibao, na kueleza wazi uhakika unapoishia. Anayekutana na majina mawili kwenye sarafu moja basi asiulize tu ni kitabu kipi kipya zaidi. Aulize kila jina limeshikiliwa na nini: tarehe, chapa, fungu lililofukiwa, au kufanana kwa nyuso. Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha jina lipi la kushika leo, na lipi la kusubiri.